Kichwa Kinauma, Nguo Zinabana

 Wadogo zangu, leo nina jambo nililolibeba kifuani wiki nzima.

Binti mmoja wa mwaka wa tatu hapa Kesses, Chuo Kikuu cha Moi, ameniandikia ujumbe mrefu. Amepanga chumba nje ya chuo, upande wa Cheboiywo. Kichwa kinamuuma karibu kila siku tangu muhula uanze, na asubuhi ndiyo saa mbaya zaidi. Akiinama kufua nguo kwenye karai kisha ainuke, macho yanaingia giza kwa sekunde tano au sita, halafu yanarudi. Usiku kukiwa kimya anasikia sikioni sauti kama ya maji yanayopita, inayofuata mapigo ya moyo wake. Amekwenda kliniki mara mbili. Mara ya kwanza akaambiwa ni malaria, mara ya pili taifodi. Dawa zote amemaliza, na kichwa hakijasikia. Halafu, mwisho kabisa wa ujumbe, kama mtu anayetaja jambo lisilohusika, akasema kwamba tangu ajiunge na chuo ameongeza kilo 18, na marafiki zake humwambia Kesses imemkubali.

Wadogo zangu, hilo la mwisho ndilo lililonifanya nimjibu usiku ule ule. Nilimwambia asingoje mwisho wa mwezi. Apande matatu aende Eldoret, Hospitali ya Rufaa ya Moi, awaambie habari ya giza la macho kabla hata hajataja kichwa, na aombe aangaliwe sehemu ya nyuma ya jicho. Amenipa ruhusa nizungumze nanyi juu yake bila kumtaja, kwa sababu mimi na yeye tunajua hayuko peke yake.

Sikilizeni sasa. Ubongo wa mtu unaelea ndani ya maji. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji hayo, yaani kikombe kimoja kidogo cha chai, lakini mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku. Mapya yanaingia, ya zamani yananywewa na mishipa ya damu, mara tatu na zaidi kwa siku moja. Yakichelewa kutoka, presha ndani ya kichwa hupanda, na fuvu si kama tumbo. Halina pa kupanukia. Kichwa kinauma. Mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo umezungukwa na maji hayo hayo, kwa hiyo nao unabanwa na kuvimba. Lile giza la sekunde chache unapoinuka kwenye karai ni mshipa huo unaolalamika. Ukipuuzwa kwa muda mrefu, giza linaweza kuja siku moja na lisiondoke.

Presha hii si ile ya kufungwa mpira mkononi. Unaweza kupimwa mkono ukaambiwa uko sawa kabisa, na kichwani mambo yameharibika. Ndiyo maana wengi huzungushwa kutoka kliniki hadi kliniki. Daktari Mjerumani Heinrich Quincke aliueleza ugonjwa huu mwaka 1893, na kwa miaka mingi waganga waliuita kwa jina lenye maana ya uvimbe bandia wa ubongo, kwa sababu dalili zake zinafanana na za mtu mwenye uvimbe kichwani, lakini ukitafuta uvimbe huupati. Kinachopatikana mara kwa mara ni mgonjwa wa aina moja: mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, mwenye uzito mkubwa, na mara nyingi uzito huo umeongezeka katika mwaka uliotangulia. Wanaume huugua pia, hata watoto, ila kwa uchache. Jinsi mafuta ya mwili yanavyopandisha presha ya maji ya ubongo, wanasayansi bado wanabishana. Wako wanaosema mafuta ya tumboni husukuma juu na kuzuia damu isirudi vizuri kutoka kichwani. Wengine wanasema ni homoni ambazo mafuta yenyewe huzitoa, kwa sababu mafuta si mzigo uliokaa tu pale. Ni kiungo kinachotuma ujumbe mwilini mchana na usiku.

Sitaki kuwatisha bure. Ugonjwa huu ni wa nadra, na vichwa vingi vinavyouma Kesses leo havitokani nao. Lakini unaweza kumpofusha msichana wa miaka 21, na kuugundua huanza na kitu chepesi sana: mtu aliyefunzwa kukutazama ndani ya jicho kwa kifaa chenye taa. Kupimwa miwani hakutoshi. Duka la miwani linaweza kukuuzia lenzi nzuri, ukasoma herufi zote ukutani, na nyuma ya jicho mshipa umevimba hakuna aliyeuona. Ukionekana umevimba, hospitali itakupiga picha ya kichwa kuhakikisha hakuna uvimbe wala damu iliyoganda, kisha watachota maji kidogo kwa sindano mgongoni na kupima presha yake. Najua mnavyoiogopa sindano ya mgongo. Nimesikia mara nyingi mtu akisema aliyechomwa huko alipooza. Sindano hiyo huingia chini ya pale mshipa mkuu wa fahamu wa mgongoni unapoishia, na madaktari huifanya kila siku hata kwa watoto wachanga wanaoshukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo. Kinachosumbua zaidi baadaye huwa ni kichwa kuuma siku chache. Kukataa sindano na kupoteza macho, hayo mawili hayalingani.

Sasa matibabu, na hapa kuna habari njema kwa kweli. Ipo dawa, asetazolamidi, inayopunguza utengenezaji wa maji hayo. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2014 kwa wagonjwa 165 ulionyesha kwamba waliopewa dawa hiyo pamoja na mpango wa kupunguza uzito walipona macho vizuri kuliko waliopunguza uzito peke yake. Lakini kabla ya hapo, mwaka 2010, madaktari wa Birmingham kule Uingereza waliwachukua wanawake 25 wenye ugonjwa huu, wakawapa chakula kidogo sana kilichopimwa, chini ya uangalizi, kwa miezi mitatu. Walipungua kwa wastani wa zaidi ya kilo 15. Presha ya kichwani ikashuka, maumivu ya kichwa yakapungua, uvimbe wa mshipa wa jicho ukashuka. Chakula peke yake! Narudia kwamba ilikuwa chini ya uangalizi wa daktari, maana nawajua. Kuna mtu hapa tayari ameamua ataacha kula kuanzia kesho.

Usiache kula. Hilo linanileta kwa kundi kubwa zaidi, wale wenzangu wa kipandauso.

Kipandauso wengi mnakijua: upande mmoja wa kichwa unapiga kama ngoma, mwanga unaudhi, harufu ya mafuta ya kukaangia inakutapisha, unataka chumba chenye giza na watu wote wanyamaze. Huo ni ugonjwa wa ubongo, unaorithiwa katika familia nyingi, na wembamba wanaugua sana. Uzito hauuleti peke yake. Hata hivyo, mwaka 2017 watafiti waliunganisha tafiti 12 zenye watu karibu 289,000 na kukuta kwamba wenye unene wa kupindukia walikuwa na uwezekano wa kipandauso ulio juu kwa asilimia 27 kuliko wenye uzito wa wastani. Na wale waliokonda kupita kiasi nao walikuwa juu, kwa asilimia 13. Mwili unataka katikati. Jambo ambalo mimi naliona zito zaidi ni hili lingine ambalo tafiti zimelirudia: kwa mtu ambaye tayari ana kipandauso, kadiri uzito unavyopanda ndivyo siku za maumivu zinavyoongezeka mwezini. Aliyekuwa akiugua mara mbili kwa mwezi anajikuta anaugua mara kumi, kisha inakuwa karibu kila siku. Mafuta ya mwili hutoa kemikali za uvimbe, na baadhi yake ni zile zile zinazowasha mishipa ya kichwa wakati wa shambulio. Sehemu ya ubongo inayoongoza njaa inahusika pia katika shambulio lenyewe. Ndiyo maana watu wengi wa kipandauso hutamani vitu vitamu siku moja kabla hakijaanza, na ndiyo maana kuruka chakula ni mojawapo ya njia za haraka za kukiamsha.

Nawaambia haya kama mtu aliyepita humo. Baada ya mtoto wangu wa pili niliongezeka sana, na kila aliyenitembelea alinisifu. Umeiva, mama, ndoa imekukubali. Mimi nilikuwa nameza tembe za kichwa asubuhi kabla ya chai, na jioni nyingine kabla ya kulala, kwa miezi. Nilikuwa na akiba yake kwenye fundo la leso. Mwenye duka aliponiona tu alikuwa akinyoosha mkono kwenye rafu. Hakuna aliyeniambia kwamba tembe zenyewe zilikuwa zimegeuka ugonjwa.

Hili ningependa kila mmoja wenu alijue hata kama atasahau mengine yote. Mtu mwenye maumivu ya kichwa ya mara kwa mara akimeza dawa ya kawaida kama parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, ubongo wake hujifunza kuuma dawa inapoisha mwilini. Kwa dawa za mchanganyiko, zile zenye aspirini, parasetamoli na kafeini ndani ya tembe moja, ambazo kila kioski kinauza moja moja, kikomo ni siku 10 tu. Siku 10! Wako wanaozimaliza kabla ya tarehe 12. Chukua daftari la kawaida, chora siku za mwezi, weka alama siku kichwa kilipouma na alama nyingine siku ulipomeza dawa. Ukifika hospitali na daftari hilo la miezi miwili, daktari atakusikiliza tofauti na mtu anayesema tu kichwa kinauma sana. Kuacha tembe kuna wiki mbili hivi za taabu ambazo kichwa kitalipiza kisasi, kwa hiyo panga na daktari, usizifanyie siku za mtihani.

Kuna dawa za kumeza kila siku kuzuia kipandauso kisije, na nyingine ni za bei nafuu na zinapatikana katika hospitali za serikali. Muulize daktari swali moja: dawa hii inafanya nini kwa uzito wangu? Amitriptilini husaidia wengi lakini hufungua njaa. Valproeti huongeza uzito, na haifai kabisa kwa msichana anayeweza kushika mimba, kwa sababu hudhuru mtoto tumboni. Topiramati huelekea kupunguza uzito, ila nayo ina hatari kwa mimba na inaweza kupunguza nguvu za baadhi ya dawa za kupanga uzazi. Sisemi ukatae. Nasema uulize, kwa sauti, hata kama foleni nyuma yako ni ndefu.

Na kwa kuwa tumetaja kupanga uzazi: wewe ambaye kabla ya kichwa kuuma huona miale ya zigizaga au doa linalometameta linalopanuka mbele ya macho, mwambie mhudumu kabla hujapewa vidonge vyenye homoni mbili. Vidonge hivyo huongeza hatari ya kiharusi kwa mtu wa aina yako. Ziko njia nyingine nyingi.

Sasa niwaulize jambo, na mnijibu kwa ukweli mioyoni mwenu. Ni wangapi mmeuziwa vidonge vya kunenepesha makalio? Najua vinauzwa vyumbani, vinatumwa kwa boda, vinasifiwa kwenye simu. Baadhi yake ni deksamethasoni, baadhi siproheptadini, dawa za hospitali zenye kazi nyingine kabisa, hapa zinatumiwa kumfanya mtu avimbe na ale. Kuingia na kutoka kwenye dawa za jamii ya deksamethasoni kiholela kunaweza kupandisha hiyo presha ya kichwani niliyowaeleza. Hata doksisaiklini, ambayo wengine mnaimeza kwa ajili ya chunusi, inajulikana kuileta kwa baadhi ya watu, na vivyo hivyo dawa za ngozi zinazotokana na vitamini A. Ukiona kichwa kimeanza baada ya dawa mpya, itaje dawa hiyo kwa daktari, hata kama unaona aibu ulikoinunua.

Mtaniuliza, dada, sisi ni watu wa Uasin Gishu, kaunti ya wakimbiaji, unene unatutoka wapi? Ni kweli, alfajiri unawaona wakipita barabarani, na Kaptagat anakofanyia mazoezi Eliud Kipchoge si mbali na hapa. Lakini wanaokimbia ni wachache na wanaowatazama ni wengi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2008 na 2009 ulikuta robo ya wanawake wa Kenya wana uzito uliozidi. Mwaka 2014 ikawa theluthi. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49. Hao ni dada zetu, ni sisi.

Nami naona kabisa jinsi Kesses inavyomnenepesha mwanafunzi. Nyumbani alikuwa akiteka maji, akikamua ng'ombe, akitembea hadi shuleni, akila ugali na managu na maziwa lala. Hapa anatoka chumbani hadi ukumbi wa mihadhara, chai yake ya asubuhi ni vijiko vinne vya sukari na mandazi mawili kwa sababu baridi ya huku inauma, mchana chapati na maharagwe, jioni chips kwa sababu ndizo za haraka, na soda ya nusu lita ambayo peke yake ina sukari ya zaidi ya vijiko kumi. Saa saba usiku bado yuko macho na simu. Ugali na maziwa lala sivyo vilivyomfikisha hapo. Kama unataka kuanza mahali, anza na vya kunywa: soda iwe ya sherehe, chai ipunguziwe kijiko kimoja kila wiki hadi ulimi uzoee. Kisha chips, ziwe za siku moja kwa wiki. Sahani ya ugali, nusu yake iwe mboga. Managu, saga na mrenda vinauzwa barabarani kwa bei ya chini kuliko hizo chips. Kula kwa saa zake, mara tatu, usiruke. Na utembee. Nusu saa kwenda upande wa bwawa la Kesses na kurudi, ukiwa na mwenzako, inatosha kuanzia. Nguvu ya kukimbia itakuja yenyewe au isije.

Lengo la kwanza lisiwe kurudi mwili wa kidato cha nne. Madaktari wengi huanza na asilimia 5 hadi 10 ya uzito ulio nao. Mwenye kilo 90 atafute kwanza kilo nne na nusu, halafu tisa. Mwenye presha ya kichwani huenda akahitaji zaidi ya hapo, na atapangiwa. Mimi ilinichukua miezi minane kupunguza kilo 11, na siku zangu za kichwa zilishuka kutoka karibu kila siku hadi mbili au tatu kwa mwezi. Bado nina kipandauso. Hakikuondoka na mafuta, lakini sasa kinakuja kama mgeni, hakiishi tena nyumbani kwangu.

Wenye waume au mama wanaokoroma hadi pumzi inakatika kisha wanashtuka, na asubuhi wanaamka kichwa kizito: nao wapelekeni. Uzito wa shingo hufunga njia ya hewa usingizini, na kichwa cha asubuhi hutokana na hilo. Na mjamzito aliyepita wiki ya 20, hasa mwenye uzito mkubwa, akiumwa kichwa kikali, akiona nyota au kuvimba uso na mikono, hapo hakuna kupima chakula wala kuandika daftari. Ni kifafa cha mimba kinachobisha hodi, na anatakiwa hospitalini saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Vivyo hivyo kichwa kilicholipuka ghafla kuliko vyote ulivyowahi kuumwa, au chenye homa na shingo ngumu, au kinachofuatana na udhaifu wa upande mmoja.

Ninyi mnaoishi na mtu mnene anayeumwa, nawaomba msimwambie ale kidogo kana kwamba hajawahi kulifikiria. Msimpigie makofi vilevile kwa kuongezeka. Mpikieni mboga, tembeeni naye, mpelekeni hospitali. Aliyeaibishwa hafiki kliniki; hukaa chumbani na tembe zake.

Binti wa Cheboiywo aliniandikia tena juzi. Mshipa wa jicho umevimba pande zote mbili. Ameshapigwa picha, ameshachomwa sindano ya mgongo, ameanza dawa, na bado anaona vizuri. Kwa hiyo wewe unayesoma haya na macho yako yanaingia giza ukiinuka kutoka kwenye karai, usimalizie hata kufua. Nenda wiki hii, na ukifika mlangoni useme hivi: naomba mnitazame nyuma ya jicho.